Rangi ya majani milimani: uzi wa wapiga picha wa Nakuru, Nandi, Kakamega na Kisumu

NaxLenzi (Nakuru)

Wadau, hamjambo.

Kila mwisho wa Septemba makundi yetu ya picha hujaa milima ya Colorado, Marekani. Miti ya aspeni imegeuka dhahabu kutoka bondeni hadi karibu na kilele, na chini ya kila picha maoni ni yaleyale: huku kwetu hakuna kitu kama hicho. Nimefungua uzi huu kwa sababu nalikataa hilo kabisa.

Tunao mti unaogeuza majani. Wakalenjin wanauita tebeswet, Waluhya wanauita musutsu, Wakikuyu mutundu. Wataalamu wa mimea wanauandika Croton macrostachyus. Kama umekulia popote kati ya Subukia na Vihiga, umeupita mara nyingi kandokando ya msitu au kwenye mpaka wa shamba: majani mapana yenye umbo la moyo, kikonyo kirefu, upande wa chini umepauka. Kabla jani halijadondoka hugeuka rangi ya chungwa iliyokolea, na mwanga ukipita ndani yake huwaka hasa. Mimi sijui rangi nyingine ya porini huku kwetu inayonisimamisha barabarani kama hiyo.

Lakini tusidanganyane. Aspeni hugeuka kundi zima kwa pamoja. Tebeswet hugeuka mti mmoja mmoja, tena mara nyingi tawi moja moja, na jirani yake bado ni kijani kibichi. Anayekwenda Nandi akitafuta mlima wa dhahabu atarudi mikono mitupu. Picha yetu ni ya mti mmoja unaowaka mbele ya kijani kizito, na ukilikubali hilo unabadilisha lenzi unayobeba, saa unayoamka na mahali unaposimama.

Lenzi kwanza. Watu wengi hubeba ile pana wakidhani mlima unataka lenzi pana. Kwa kazi hii mimi hutumia ile ya kuvuta karibu, ya milimita 70 hadi 200, na mara nyingi niko upande wa 200. Nasimama ng'ambo ya bonde, nautenga ule mti na mteremko ndani ya fremu, anga naliacha nje kabisa. Anga jeupe juu ya fremu huvuta jicho na kuua rangi.

Pili ni kinachokaa nyuma. Rangi ya chungwa mbele ya majani ya chai yaliyopigwa na jua haitoki, kwa sababu vyote viwili vinang'aa. Rangi hiyohiyo mbele ya msitu ulio kivulini hutoka yenyewe. Kwa hiyo kabla sijatoa kamera nauliza swali moja: saa ngapi jua litaufikia mti huu na kuacha kile kilicho nyuma yake gizani? Wakati mwingine jibu ni saa moja na nusu asubuhi, wakati mwingine ni jioni, na wakati mwingine ni kwamba hapa hapafai, twende mbele.

Hapo ndipo umbo la nchi yetu linapotusaidia. Ukuta wa Elgeyo pale Iten unatazama mashariki, juu ya Bonde la Kerio, kwa hiyo asubuhi ndiyo saa yake. Ukuta wa Mau nao hutazama mashariki, ukiwa Nakuru unauona ukipata jua la kwanza. Mteremko wa Nandi unaoangalia Kakamega umeelekea magharibi: asubuhi uko kivulini, jioni unaoga mwanga. Watu hupanda kule alfajiri, wanakuta mwamba mweusi, wanakasirika bure.

Na ule mwanga mtamu wa asubuhi na jioni kwetu ni mfupi. Karibu na ikweta jua hupanda wima. Kutoka kwenye upeo hadi nyuzi 6 juu yake huchukua kama dakika 24 tu. Kakamega jua huchomoza kati ya saa 12:20 na saa 12:55 asubuhi mwaka mzima, hivyo ukifika saa moja na nusu ule wekundu wa kwanza umeshapita. Uwe umesimama, fremu imekaa, tripodi imekazwa, kabla jua halijatokeza.

Karibuni tuendelee. Anayejua miti ya kwao aitaje, na anayejua mahali aeleze jua linaingia upande gani.

DadaWaRiat (Kisumu)

Asante kaka NaxLenzi, nimesoma yote. Mimi sina kamera, nina simu tu, tena si ya bei kubwa. Nataka kujua kama hapa nina nafasi.

Jambo la pili: Kisumu hatuna tebeswet nyingi mjini, lakini kuna mikungu, ile inayotandaza matawi kwa ngazi. Wakati wa kiangazi majani yake yanakuwa mekundu kama mvinyo, mengine njano, mengine yana rangi zote mbili kwenye jani moja. Je, hiyo nayo inahesabika?

NaxLenzi (Nakuru)

Inahesabika sana, dada. Mkungu, Terminalia catappa, ni katika miti michache ya mjini inayopata wekundu wa kweli kabla ya kupukutisha. Na una faida ambayo tebeswet haina: matawi yako chini, unaweza kulifikia jani kwa macho na kupiga jani lenyewe badala ya mti.

Kuhusu simu. Gusa jani unalolitaka kwenye kioo na ushikilie kidole mpaka fokasi na mwanga vifungwe. Halafu shusha kidole taratibu kupunguza mwanga. Hiyo hatua ya pili ndiyo wengi huiruka. Simu ikiona eneo la giza nyuma huongeza mwanga wote, na jani la njano linageuka karatasi nyeupe. Ukishusha, rangi inarudi na nyuma panazama. Kama simu yako ina lenzi ya pili ya kuvuta karibu, itumie hiyo. Ile ya kuvuta kwa vidole hukata picha tu na kuharibu majani. Futa kioo cha lenzi kwa kitambaa safi, kwa sababu ukungu wa mafuta ya vidole hupausha kila kitu unapopiga ukielekea jua. Na zima kile kipengele kinachotambua mandhari chenyewe na kuongeza rangi, kinapenda sana kuchafua kijani.

Kisha elekea jua. Simama upande ambao mwanga unatoka nyuma ya jani kuja kwako, na jificheni nyote wawili, wewe na lenzi, kwenye kivuli cha shina.

MwanaNandi_Denver

Nawasalimu kutoka ng'ambo. Nimezaliwa Kapsabet, naishi Colorado, na kila vuli, yaani majira ya majani kupukutika, nipo milimani na kamera. Nimefurahi kuona tebeswet imetajwa kwa heshima. Niongeze ya huku, kwa kuwa naona watu wengi huko nyumbani wanapenda picha hizi bila kujua zinapatikanaje.

Aspeni ya huku ni Populus tremuloides. Kilele cha rangi Colorado kwa kawaida ni nusu ya pili ya Septemba kuingia mwanzo wa Oktoba, na huanzia juu kushuka chini, na kaskazini kwenda kusini. Mahali pamoja rangi hukaa kama wiki moja, na upepo mmoja wenye theluji unaweza kuimaliza usiku mmoja. Karibu na Denver watu hukimbilia Kenosha Pass, njia inayovuka milima, karibu mita 3,050 juu ya usawa wa bahari, na mwisho wa wiki magari hujipanga kandokando ya barabara tangu asubuhi. Wenye muda huenda Kebler Pass karibu na Crested Butte, au milima ya San Juan kule kusini-magharibi.

Sababu ya kundi zima kugeuka pamoja ni mizizi. Aspeni huchipua kutoka mizizini, kwa hiyo kundi kubwa la mashina linaweza kuwa kiumbe kimoja, lenye vinasaba vilevile. Kule Utah kuna kundi liitwalo Pando, lina mashina kama 47,000 kwenye hekta zipatazo 43, na lote ni mti mmoja. Ukitazama mlima wa Colorado kwa mbali unaona mabaka: hapa njano, pale bado kijani, pale chungwa. Kila baka kwa kawaida ni ukoo mmoja wa mizizi, na ukoo hugeuka kwa saa yake. Mpiga picha mzuri hutafuta mpaka kati ya baka na baka, na hapo ndipo namuunga mkono NaxLenzi: hata huku picha inayokaa moyoni si dhahabu tupu, ni dhahabu iliyokutana na kitu kingine.

Shina la aspeni ni jeupe, na chini ya lile gome jembamba kuna klorofili, ile rangi ya kijani ya majani, linatengeneza chakula hata majani yakiwa yameanguka. Tafadhali, mkija kutembea huku, msiandike majina kwenye gome. Kila mchoro ni kidonda, kuvu huingilia hapo.

Na jani lina kikonyo kilichobanwa bapa, ndiyo maana hutetemeka hata kwa upepo mdogo. Ukitaka majani makali, kasi ya shata isishuke chini ya 1/250 ya sekunde, na kukiwa na upepo mimi hupandisha hadi 1/500 na kuongeza aiso (ISO, wepesi wa kamera kuhisi mwanga) bila huruma. Chembechembe kidogo kwenye picha zinavumilika, jani lililofifia halivumiliki.

NaxLenzi (Nakuru)

Ndugu yangu, hilo la gome limenigusa, kwa sababu tunalo la kufanana nalo hapa Nakuru. Migunga ya njano ya kando ya ziwa, ile miti ya gome la kijani-njano lenye ungaunga, nayo ina klorofili kwenye gome. Wadau wanaotafuta rangi ya vuli Nakuru waanzie hapo, si kwenye majani, kwenye mashina. Asubuhi jua likiingia kwa ubavu, shina zima linakuwa njano na upande wa kivuli unabaki kijani cha bahari.

Maji ya Ziwa Nakuru yalipoanza kupanda miaka ya 2010 na kuendelea, migunga mingi ya ufukweni ilizama na kufa, na mifupa yake imesimama majini. Ni mandhari yenye huzuni, na inapaswa kupigwa picha kwa uaminifu. Piga iliyo hai na iliyokufa katika fremu moja kama unaweza, ndiyo hali halisi ya ziwa. Kumbuka ndani ya hifadhi hutoki kwenye gari ila sehemu zilizoruhusiwa. Pale Baboon Cliff, mwamba wa kutazamia, unaruhusiwa kushuka, na kutoka pale unaona ukanda wa migunga kwa juu. Malipo ni kwa eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, fanya kabla hujafika getini.

MwalimuMstaafu (Vihiga)

Vijana, shikamooni kwa kazi, maana leo mimi ndiye nawapongeza ninyi. Nimefundisha baiolojia maisha yangu yote, nami naomba nafasi kidogo.

Rangi ya njano haiji, ilikuwamo. Jani lina klorofili ya kijani na karotenoidi za njano na chungwa kwa pamoja. Klorofili huvunjika na kujengwa upya kila siku wakati jani linafanya kazi. Mti ukiamua kuliacha jani, ujenzi unasimama, kijani kinaisha, na njano iliyokuwa imefunikwa inaonekana. Wekundu wa mkungu ni jambo lingine. Hizo ni anthosianini, na mti huzitengeneza upya mwishoni kutokana na sukari iliyo ndani ya jani. Ndiyo maana kwenye mti mmoja upande unaopigwa na jua huwa mwekundu zaidi ya ulio kivulini. DadaWaRiat, zunguka mkungu wako kabla ya kupiga, utaona upande mmoja umekolea.

Sasa kuhusu lini. Kule kwa MwanaNandi mti husoma urefu wa mchana na ubaridi wa usiku, kwa hiyo una kalenda. Huku urefu wa mchana haubadiliki kiasi cha kuuambia mti chochote. Mti wetu husoma maji. Musutsu hupukutisha wakati wa ukavu, na sehemu hizi za magharibi miezi mikavu zaidi ni Desemba hadi Februari. Lakini musutsu ulioko mtoni huchelewa, ulioko kwenye mwamba huwahi. Kwa hiyo anayetaka kujua lini aende, asiangalie tarehe, aangalie mvua imekatika lini na mti umesimama wapi.

Nina moja la mwisho. Msiisahau omurembe, ambao Wakikuyu huuita muhuti, Erythrina abyssinica. Wakati wa kiangazi hubaki bila jani hata moja na kutoa maua mekundu kwenye matawi makavu. Lakini ujue kwamba kwa Waluhya wengi mti huo ni mti wa kiapo. Ukiukuta kwenye boma la mtu usiukaribie kwa tripodi kabla hujapiga hodi na kuzungumza na mzee wa pale. Usivunje tawi eti limeziba fremu.

NaxLenzi (Nakuru)

Shikamoo ni yetu kukupa wewe, mwalimu. Hilo la kusoma maji badala ya tarehe nitalibandika juu ya uzi.

ShinyaluKijana (Kakamega)

Mimi nina mtazamo tofauti. Nimeishi kando ya Msitu wa Kakamega tangu utoto. Picha za mti mmoja mmoja ni nzuri lakini mtandaoni haziendi mbali. Kuna picha inazunguka ya msitu wetu wote ukiwa rangi ya chungwa, imeshirikiwa sana, na watu wa mbali wanauliza wanafikaje. Kwa programu ya kuhariri unavuta kijani kwenda njano, kazi imeisha dakika mbili. Kama italeta wageni kwenye malango ya msitu ya Isecheno na Buyangu na vijana wanaotembeza watu wapate riziki, ubaya uko wapi?

NaxLenzi (Nakuru)

Ndugu, nakuheshimu na riziki ya vijana wale naijali. Ndiyo sababu naipinga picha ile kwa nguvu zote.

Msitu wa Kakamega ni kipande cha mashariki kabisa cha misitu ya mvua ya aina ya Kongo. Ni kijani mwaka mzima, na ukijani huo ndio thamani yake. Mgeni anayekuja akitafuta chungwa atasimama juu ya kilima cha Lirhanda, aone kijani mpaka upeo, aseme amedanganywa. Atamwambia nani? Atamwambia yule kijana aliyemtembeza. Lawama itamwangukia asiyehusika.

Halafu fikiria picha ya kweli iliyopo. Kutoka juu ya kilima cha Buyangu alfajiri, ukungu umekaa katikati ya miti, na ndani ya kijani chote hicho kuna musutsu mmoja pembezoni umegeuka. Mtu akija ataikuta. Ukiivuta kijani yote iwe njano, ule musutsu unapotea, kwa kuwa hakuna tena cha kuutofautisha.

Sisemi tusihariri. Mimi nahariri kila picha. Napiga faili la RAW, yaani picha ghafi, nashusha vivuli kidogo, na rangi ya chungwa mara nyingi naipunguza ukali badala ya kuuongeza. Kamera inapopiga jani linalopitisha jua, mkondo wa mwekundu ndio hujaa kwanza, hata kama kipimo cha jumla kinasema uko salama. Angalia histogramu (grafu ya mwanga) ya rangi tatu, si ile moja nyeupe. Ukiona mwekundu umegonga ukuta wa kulia, punguza mwanga theluthi mbili za stopu (stopu moja hupunguza mwanga nusu) na upige tena. Mishipa ya jani ikishapotea kwenye wekundu uliojaa, hakuna programu itakayoirudisha.

Na usiiachie kamera ichague rangi ya mwanga yenyewe. Ikiona chungwa kingi hudhani ni taa ya nyumbani na kukipoza. Weka alama ya jua au ya wingu, au Kelvini 5,500, uiache hapo asubuhi nzima.

ShinyaluKijana (Kakamega)

Hilo la lawama kumwangukia anayetembeza wageni sikuwa nimelipima, na ni kweli kwamba mwishowe sisi ndio tunaoulizwa. Basi nipe kazi. Msituni ndani kabisa mwanga ni mabaka, hapa jua kali, pale giza. Nifanyeje?

MwanaNandi_Denver

Naomba nijibu hili, ni shida ileile ya ndani ya vichaka vya aspeni.

Subiri wingu. Jua likiwa limefunikwa, mbingu nzima inakuwa taa moja kubwa laini, mabaka yanaondoka na rangi zinatulia. Kakamega mna bahati, mawingu ya mchana yanakuja mara nyingi kabla ya mvua ya alasiri. Wengi hufunga kamera jua likijificha, ndani ya msitu ndipo unapofungua.

Weka kichujio cha polaraiza. Watu wanadhani ni cha kufanya anga liwe bluu. Kazi yake kubwa msituni ni kuondoa ule mng'aro wa nta juu ya majani, na hufanya hivyo hata kukiwa na wingu. Zungusha pete taratibu ukitazama jani moja, utaona weupe unaondoka na rangi inabaki. Kitakula stopu moja mpaka mbili za mwanga, kwa hiyo tripodi iwe imara, na usubiri upepo ukate pumzi ndipo ubonyeze.

Mwisho, acha kutafuta mti mzuri, tafuta mpangilio. Mashina matatu yaliyoachana vizuri yanatosha. Ukiona mashina mawili yamepandana kwenye fremu, songa nusu hatua.

MkulimaWaChai (Nandi Hills)

Nasoma kimya tangu juzi, sasa niseme kama mwenye shamba. Miti mnayoipenda mingi iko kwenye mipaka ya mashamba yetu. Hatuna kinyongo na kamera, lakini kuna mambo yanatuudhi.

Mtu anasimamisha gari, anapita katikati ya michai badala ya njia ya wachumaji, anavunja vichwa vya chipukizi. Hicho ndicho tunachochuma, hicho ndicho mshahara. Mwingine anapiga wachumaji picha bila salamu, kisha tunawaona mtandaoni. Salimia, uliza, sema picha ni ya nini. Mama akikubali, mtumie nakala. Kwetu hiyo ni adabu ya kawaida kabisa.

Na kuhusu mti wa tebeswet kwenye mpaka wangu: nyuki wanaupenda ukitoa maua, na mizinga iko karibu. Usiende na droni pale.

NaxLenzi (Nakuru)

Asante sana mama, au mzee, utuwie radhi kama hatujui tukuiteje. Wadau, hili lisomwe na wote. Na droni kwa jumla inahitaji kibali cha KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, na ndani ya hifadhi za KWS, huduma ya wanyamapori, hairushwi bila ruhusa yao. Msitu wa Kakamega una pande mbili: kaskazini Buyangu ni KWS, kusini Isecheno ni huduma ya misitu, KFS. Uliza lango husika.

MkulimaWaChai (Nandi Hills)

Ni mama. Karibuni, lakini kwa njia ya wachumaji.

DadaWaRiat (Kisumu)

Shikamoo mama, na shikamoo mwalimu. Nimerudi na kazi. Mkungu wa karibu na ninapoishi umeanza kugeuka upande wa magharibi tu, kama mwalimu alivyosema. Nilienda jioni, nikashikilia kidole, nikashusha mwanga. Nimepata jani moja, nusu jekundu nusu njano, mishipa yote inaonekana. Lakini nyuma kuna ukuta wa nyumba uliopakwa rangi nyeupe, unanipigia kelele. Nikisogea kulia naingia kwenye jua, nikisogea kushoto jani linajificha nyuma ya tawi.

NaxLenzi (Nakuru)

Mishipa kuonekana ni kazi kubwa, hongera dada.

Ukuta huo usiukimbie kwa kusogea pembeni, ukimbie kwa kushuka. Piga magoti mpaka jani liwe juu ya mstari wa ukuta, nyuma yake yawe majani mengine ya mkungu uleule yaliyo kivulini. Mkungu hutandaza matawi kwa ngazi, kwa hiyo ukiwa chini ngazi ya juu inakuwa paa lako jeusi. Kama bado anga linapenya, omba mtu akushikilie kanga nyeusi au kitambaa cha giza umbali wa hatua mbili nyuma ya jani, kisiguse tawi.

Na rudi asubuhi pia, upande huohuo wa magharibi. Jua litakuwa linatoka nyuma ya mti kuja kwako, ukuta kama unatazama magharibi utakuwa kivulini, na jani litawaka kutoka ndani. Fika kabla ya saa moja. Piga la jioni na la asubuhi, uyaweke hapa yote mawili tuyalinganishe, na ShinyaluKijana naye alete ule musutsu wa Buyangu ukigeuka.